Mwenye Nyumba ni Nani? Lugha ya Umiliki wa Pamoja katika Majengo ya Ghorofa Nchini Kenya

Utangulizi

Katika Kiswahili kinachozungumzwa mijini nchini Kenya, maneno mawili yametosha kwa muda mrefu kueleza uhusiano wa watu wanaoishi katika jengo moja: mwenye nyumba na mpangaji. Wa kwanza hupokea kodi, hupaka rangi anapotaka, na hulalamikiwa paa linapovuja. Wa pili hulipa, hulalamika, na akichoka huhama. Kati yao husimama msimamizi, ambaye wengi humwita keateka, mwenye ufunguo wa tangi na daftari la madeni. Msamiati huu ulikua pamoja na ploti, yaani zile nyumba za vyumba vya kupanga zilizozunguka ua mmoja wenye bomba moja la maji, nao ulizifaa ploti barabara.

Hali imebadilika. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayenunua nyumba katika ghorofa ya nne ya jengo lililoko Kilimani, Ruaka au Nyali si mpangaji tena, wala si mwenye nyumba kwa ile maana ya zamani. Ana mlango wake, ufunguo wake na hati yake. Hata hivyo, ngazi anazozipanda si zake peke yake. Lifti, paa, tangi, ukuta wa nje, lango na ardhi iliyovibeba vyote hivyo ni mali yake pamoja na majirani zake. Lugha za Ulaya huuita umiliki wa namna hii kondominiamu, neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni kumiliki kwa pamoja. Kiswahili cha mazungumzo hakijampa mtu huyu jina.

Makala haya yanachunguza pengo hilo na athari zake katika maisha ya kila siku na katika uongozi wa majengo hayo. Hoja yake ni kwamba hili si pengo la kamusi tu. Wamiliki wasio na neno la kujiitia huishi kama wapangaji wanaomsubiri mwenye nyumba ambaye hayupo, na jengo huzeeka mikononi mwao wakimngoja.

Nyumba bila ardhi

Sheria ya kwanza ya Kenya kuhusu umiliki wa namna hii ilitungwa mwaka 1987. Ilitumiwa kwa nadra. Wastawishaji wengi, yaani wale wanaonunua ardhi, kujenga na kuuza, walipendelea njia nyingine. Mstawishaji alibaki na hati ya ardhi, akampa kila mnunuzi mkataba wa kukodi wa muda mrefu, kisha akaunda kampuni ya usimamizi ambamo kila mnunuzi alipewa hisa. Ahadi ilikuwa kwamba nyumba ya mwisho ikishauzwa, haki iliyobaki juu ya ardhi ingehamishiwa kampuni hiyo. Msomaji atauona mara moja mwanya uliokuwapo. Mstawishaji aliyebakiza nyumba moja bila kuiuza, iwe kwa kusudi au kwa kukosa mnunuzi, aliendelea kuwa na sauti juu ya ardhi ambayo wengine walikwisha kuilipia.

Watu wa Pwani hawawezi kulishangaa jambo hili, kwani wana usemi wake tayari. Mjini Mombasa, katika mitaa kama vile Majengo, kulikuwa na utaratibu uliojulikana kama nyumba bila ardhi. Mtu alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita juu ya kiwanja cha mwingine na akamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba aliweza kuiuza au kuirithisha wanawe. Ardhi hakuweza. Siku ambayo mwenye ardhi alibadili nia au kumuuzia mtu mwingine kiwanja, mwenye nyumba alijikuta akimiliki mawe, miti na mabati yasiyo na mahali pa kusimama. Usemi huo wa maneno matatu unaieleza hali ya wanunuzi wengi wa nyumba za ghorofa kabla ya mwaka 2020 kwa uwazi kuliko mikataba yao yenye kurasa nyingi.

Sheria mpya, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu, ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Chini ya sheria hii, jengo huchorewa ramani inayoonyesha kila nyumba kama sehemu inayojitegemea. Ramani hiyo ikishasajiliwa, kila sehemu hupata hati yake, na kila hati huandamana na fungu la mali ya pamoja. Wamiliki wote, kwa kule kusajiliwa kwa ramani tu, huwa shirika moja linalotambuliwa na sheria, lenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Shirika hilo lina bodi, lina kanuni, lina mfuko wa fedha, na lina wajibu wa kuitunza mali ya pamoja na kuikatia bima. Mikataba ya zamani iliyokusudiwa kumpa mnunuzi umiliki ilitakiwa kulinganishwa na sheria hiyo katika muda wa miaka miwili. Pale ambapo mstawishaji hakutaka kuitoa hati mama ya ardhi, njia iliwekwa ya msajili kuizuia hati hiyo isitumiwe kwa shughuli nyingine.

Kenya haiko peke yake katika njia hii. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2001, Tanzania Bara mwaka 2008, nazo Zanzibar na Rwanda mwaka 2010. Aidha, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hichohicho ili kugharimia ujenzi wa nyumba ambazo nyingi ni za ghorofa. Watakaoishi katika umiliki wa pamoja, kwa hiyo, wanazidi kuongezeka, nao hawatoki tena katika tabaka moja wala hawatumii Kiingereza kimoja.

Mali ya pamoja na mali ya umma

Mtu anaweza kudhani kwamba umiliki wa pamoja ni jambo geni lililoletwa na saruji na lifti. Si kweli. Huko Lamu, katika nyumba za mawe, mzazi aliyemwoza bintiye aliweza kumjengea orofa juu ya nyumba ya zamani, au kuvuka kichochoro kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili. Ukuta mmoja ulibeba jamaa wawili. Fikihi ya Kiislamu nayo ina masuala ya mwenye chini na mwenye juu: nani atengeneze dari, na mwenye chini akiacha kuta zake zibomoke, mwenye juu ana haki gani. Haya yalijadiliwa karne nyingi kabla ya ghorofa ya kwanza kujengwa Nairobi.

Kwa sababu hiyo, Kiswahili kina maneno. Kuna shirika na mshirika, kuna bia na ubia, kuna fungu, zamu na mchango. Tatizo ni kwamba maneno haya yamechukuliwa na kazi nyingine. Mkenya asikiapo neno shirika hufikiri kwanza juu ya reli au utangazaji, vyombo vikubwa vya serikali vilivyo mbali naye. Akisikia ubia hufikiri juu ya kampuni za kigeni. Neno chama, ambalo wakaazi wengi hulikimbilia, lina upungufu wake mkubwa zaidi: katika chama mtu hujiunga kwa hiari na hujitoa kwa hiari. Katika shirika la wamiliki hakuna kujiunga wala kujitoa. Anayenunua sehemu ni mshirika tangu siku hiyo, apende asipende, na hakomi kuwa mshirika mpaka auze.

Kosa lililo zito kuliko hayo ni kuichanganya mali ya pamoja na mali ya umma. Ngazi za jengo huitwa za umma, eneo la magari huitwa la umma, na mwenendo hufuata jina. Mali ya umma, katika mazoea ya miji yetu, ni mali ambayo mlinzi wake ni serikali. Taa ya barabarani ikizimika, mwananchi hupita gizani akiilaumu kaunti. Taa ya ngazi ikizimika katika jengo la ghorofa sita, wakaazi hupita gizani wiki tatu wakimlaumu mtu ambaye hawamtaji, kwa kuwa hayupo. Balbu yenyewe ni yao. Ilinunuliwa kwa fedha zao na itanunuliwa tena kwa fedha zao. Kiambishi kinachotenganisha hali hizi mbili ni kidogo sana: ni tofauti kati ya kusema taa yao na kusema taa yetu.

Nafsi katika ilani

Hapa ndipo mwanafunzi wa sarufi ana la kusema kuliko mwanasheria. Uongozi wa jengo hujulikana kwa ilani zake, zile karatasi zinazobandikwa karibu na lifti au kutumwa katika kundi la simu. Tuseme kuna jengo lenye nyumba 24 na ilani hii imebandikwa langoni:

ILANI. Wakaazi wote mnaarifiwa kwamba ada ya huduma ilipwe kabla ya tarehe tano. Hatua zitachukuliwa dhidi ya watakaokiuka. Ni marufuku kuanika nguo kwenye roshani. Kwa amri ya Usimamizi.

Kisarufi ilani hii haina kosa. Lakini mtenda yuko wapi? Mnaarifiwa, ilipwe, zitachukuliwa: vitenzi vyote vitatu viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kinachomtaja anayetenda. Neno marufuku halina nafsi kabisa. Mwishoni linatokea jina Usimamizi, ambalo ni nomino dhahania ya ngeli ya U, isiyo na uso wala nambari ya mlango. Msomaji wa ilani hii amewekwa katika nafsi ya pili wingi, ninyi, na upande wa pili hakuna mtu. Hiyo ndiyo lugha ya mwenye nyumba wa zamani, isipokuwa yule wa zamani alikuwa na jina na mtu aliweza kumwendea nyumbani kwake.

Ilinganishwe na hii:

ILANI. Sisi wamiliki tuliokutana Jumamosi tulikubaliana kwamba kila nyumba ilipe fungu lake la gharama kabla ya tarehe tano, ili bawabu na mfagizi wapate mishahara yao na tangi lisafishwe kwa wakati. Nyumba sita bado hazijalipa fungu la mwezi uliopita. Nguo zianikwe juu ya paa penye kamba, kwa kuwa zinapoanikwa kwenye roshani maji huwadondokea walio chini. Katibu, kwa niaba ya wamiliki.

Ilani ya pili ni ndefu zaidi, na wapo watakaosema kwamba hakuna asomaye ilani ndefu. Pengine ni kweli. Hata hivyo, ina nafsi ya kwanza wingi, ina siku ya uamuzi, ina sababu, na inasema fedha zinakwenda wapi. Asiyelipa hawezi tena kujiambia kwamba anamnyima mtu tajiri asiyemjua; anajua kwamba anamnyima bawabu anayemfungulia lango saa nne za usiku.

Tahadhari moja ni lazima. Kiambishi tu- kinaweza kudanganya kuliko kauli ya kutendwa. Kamati ya watu watatu ambayo haijaitisha mkutano kwa mwaka mzima inaweza kuandika tulikubaliana, na nyumba 21 zikajikuta zimekubali jambo ambalo hazikuulizwa. Nafsi ya wingi katika ilani huwa na uzito pale tu ambapo kuna kumbukumbu za mkutano nyuma yake, zenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na matokeo ya kura.

Kodi, ada, mchango au fungu

Malipo ya kila mwezi ya kulitunza jengo yana majina mengi. Wapo wanaoyaita kodi, na kwa kufanya hivyo wanajirudisha kwenye upangaji. Jina lililoenea ni ada ya huduma, nalo linamgeuza mmiliki kuwa mteja. Mteja ana haki ya kukataa kulipia huduma mbovu, na hoja hiyo husikika sana: lifti ilikwama mwezi mzima, kwa nini nilipe? Kwa mteja hoja hiyo ni sawa. Kwa mshirika ni hoja inayojila yenyewe, kwa kuwa lifti haitengenezwi ila kwa fedha anazozizuia.

Kuna jambo linaloonekana katika majengo mengi ambalo linastahili kutazamwa kwa makini. Jirani akifiwa, tangazo hutolewa asubuhi katika kundi la simu, na kufikia jioni ya pili majina yamejipanga moja baada ya jingine, kila mmoja na alichotoa. Watu wanaoishi nyumba hizohizo, wenye mishahara ileile, huchelewesha malipo ya jengo kwa miezi mitatu. Haiwezi kusemwa kwamba hawana fedha wala kwamba hawana moyo wa kushirikiana. Tofauti ni kwamba mchango wa matanga una jina la mtoaji, una orodha inayoonekana na wote, una mpokeaji anayejulikana na siku ambayo fedha zitatumika. Ada ya huduma huingia katika akaunti, na taarifa yake, ikiwa ipo, hutolewa mara moja kwa mwaka katika jedwali ambalo wachache hulielewa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika majengo haya daftari mara nyingi lipo, ila halisomeki.

Je, basi malipo haya yaitwe mchango? Neno hilo lina joto, na historia ya harambee tangu mwaka 1963 imelipa heshima katika siasa za Kenya. Lakini mchango ni wa hiari, na kiasi chake huamuliwa na mtoaji. Malipo ya jengo ni ya lazima, na kwa mujibu wa sheria hugawanywa kulingana na ukubwa wa fungu la kila sehemu. Mwenye nyumba ya vyumba vinne hawezi kusema kwamba leo amejaliwa kutoa kidogo. Kwa sababu hiyo neno fungu linafaa zaidi. Fungu la gharama linabeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuna kitu kizima kinachogawanywa, na kwamba sehemu ya kila mtu inajulikana kabla ya kuombwa. Tena neno hilohilo linaweza kutumika kwa haki: fungu la mali ya pamoja ndilo linaloleta fungu la gharama. Mtu akilikana la pili amelikana la kwanza.

Maji ni mtihani mzuri wa msamiati huu. Nairobi imeishi na mgao wa maji wa mtaa kwa mtaa tangu mwanzoni mwa mwaka 2017, na katika majengo mengi siku ya maji hujulikana kama siku ya soko. Siku nyingine hununuliwa maji ya boza. Gharama ya boza igawanywe vipi? Penye mita katika kila nyumba, kila mtu hulipa alichotumia na mjadala huisha. Pasipo na mita, nyumba ya mtu mmoja na nyumba ya watu saba huchota katika tangi moja, na hapo fungu la sheria na fungu la haki huachana. Hakuna istilahi itakayoliziba pengo hilo. Linazibwa na mafundi wa mabomba, na uamuzi wa kuwaita mafundi hufanywa mkutanoni.

Mkutanoni

Mkutano wa wamiliki hufunguliwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti husoma ajenda, katibu huthibitisha akidi, mweka hazina hutaja tarakimu. Lugha hiyo hudumu mpaka ajenda ya kwanza yenye uchungu. Hapo Kiswahili huingia bila kubisha hodi, na mara moja mkutano huwa na watu kuliko uliokuwa nao mwanzo, kwa maana waliokuwa kimya hupata ulimi. Tuseme katika jengo letu la nyumba 24 ajenda ni kutengeneza lifti.

“Mwenyekiti,” asema mzee wa ghorofa ya chini, “kwa heshima zote, mimi sijawahi kuipanda hiyo lifti. Siijui hata mlango wake unavyofunguka. Iweje nilipie safari za wengine?”

“Mzee wangu,” ajibu mama wa ghorofa ya sita, “shikamoo. Nakusikia. Lakini paa je? Wewe hulali chini ya paa. Unalala chini ya nyumba tano, na ya sita ni yangu. Mvua ikivuja inanilowesha mimi. Nikikuachia lifti, wewe utaniachia paa peke yangu?”

“Paa ni la jengo zima, mama.”

“Na lifti je, baba?”

Mzee huyo asidharauliwe, kwa kuwa hoja yake ina ukoo wa heshima. Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 664, ilisema kwamba katika nyumba ambayo kila ghorofa ina mwenyewe, kuta kuu na paa hutunzwa na wote kulingana na thamani ya ghorofa zao. Bali ngazi kila mmoja hujitengenezea: mwenye ghorofa ya kwanza hujenga ngazi za kumfikisha kwake, na mwenye ghorofa ya pili huendeleza kutoka hapo kwenda juu. Kwa kipimo hicho mzee wa chini hana deni la lifti. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1938, Wafaransa walipotunga sheria mpya ya majengo ya wamiliki wengi. Sheria ya Kenya imefuata njia ya kuihesabu mali ya pamoja kama kitu kimoja, ili jengo lisigeuke mkusanyiko wa madai madogomadogo. Hata hivyo, shirika la wamiliki lenye busara humsikiliza mzee kabla ya kumwonyesha kifungu. Pengine anachotaka si kuepuka malipo bali ni kusikika kwamba tundu la maji taka lililo nyuma ya dirisha lake limefurika tangu Mei na hakuna wa ghorofa ya sita aliyewahi kulinusa.

Majibizano kama hayo ndiyo uongozi wenyewe. Lakini hebu zitazamwe kumbukumbu zitakazoandikwa. Dakika arobaini za shikamoo, paa, lifti na maji taka hugeuzwa sentensi moja baridi ya Kiingereza inayosema kwamba wanachama walieleza wasiwasi wao kuhusu mgawanyo wa gharama. Maji taka hayamo. Mwaka unaofuata, mzee atakapouliza yalikoishia, katibu atafungua faili na kusema kwa ukweli kabisa kwamba hakuna jambo kama hilo lililorekodiwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini amefunzwa kuandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili: waliohudhuria, waliotuma udhuru, yatokanayo, masuala mengineyo. Akimaliza mtihani hulifungia somo hilo kabatini. Kanuni za majengo, ambazo humfunga mkaazi katika mambo ya karibu kabisa na maisha yake, kama vile saa za muziki, mahali pa kuegesha gari, kuku wa sikukuu na wageni wa matanga, zimeandikwa katika lugha ambayo hazibishaniwi. Kwa wahitimu wa Kiswahili hapa pana kazi ya mikono. Sheria hutofautisha azimio la kawaida, azimio maalumu na azimio la kauli moja. Anayetafsiri istilahi hizo ovyo anaweza kuwafanya watu waamini kwamba wingi wa kura unatosha kuiuza sehemu ya ua wao, hali jambo kama hilo linahitaji kauli moja.

Wapangaji

Limebaki kundi ambalo hoja ya nafsi ya kwanza wingi haijalifikia. Wamiliki wengi hawaishi katika nyumba walizozinunua, wamezikodisha. Katika baadhi ya majengo wanaoishi humo kwa kupanga ni wengi kuliko wenye hati. Kanuni za jengo zinawafunga kama zinavyowafunga wamiliki, lakini kura si yao. Ilani inaposema sisi wamiliki, wao wamo katika jengo na hawamo katika kiwakilishi.

Mmiliki aishiye mji mwingine hupiga kura dhidi ya tangi jipya kwa sababu tangi huongeza gharama, na mpangaji wake ndiye anayekesha akisubiri bomba lilie. Baadhi ya mashirika ya wamiliki hujaribu kupunguza ubaya huo kwa kuwaalika wapangaji mkutanoni, wakawa na ruhusa ya kusema bila kupiga kura. Muundo wa kumbukumbu za Kiswahili una mahali pao, chini ya orodha ya wanachama, katika kichwa kidogo cha waalikwa. Ndipo mpangaji wa nyumba namba 17 anapoandikwa, mwalikwa katika jengo alilolala usiku uliotangulia bila maji, na maneno yake kuhusu tangi huandikwa jinsi alivyoyasema.